Likasi miaka ya 1930: bei ya shaba ilipoanguka, treni zikajaa watu

Salamu za pekee kwa familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono ambazo leo zinaishi nasi hapa Likasi, na kwa familia zilizofukuzwa hapa zamani na leo ziko Kasai. Kuna swali moja ambalo halichoki kurudi katika mji wetu, kwenye foleni ya maji, sokoni, hata kwenye matanga: nani ni mwenyeji, na nani ni mgeni? Leo tunalitazama kwa njia ya historia. Tunarudi nyuma karibu miaka mia moja, kwenye kambi za wafanyakazi za Panda na Shituru, wakati dunia nzima ilipokuwa inalia kwa kukosa kazi.

Kwanza tukumbuke kwamba nchi hii ilikuwa na watu kabla ya kampuni. Basanga walichimba shaba katika milima hii na kuiyeyusha zamani sana, kabla mzungu hajafika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli ilifika Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka 1913 ikafika Kambove. Kisha vikaja viwanda vya Panda, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kazi. Wabeleji waliupa mji jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa mmoja wa kampuni.

Viwanda vilitaka mikono mingi, na watu wa hapa hawakutosha. Hapo mwanzo wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Baadaye kampuni ikaenda kutafuta watu Lomami, Kasai, na tangu mwaka 1925 hata Ruanda-Urundi. Wengi walikuja kwa miezi michache tu kisha wakarudi kwao, na wengine walikufa kwa magonjwa. Kila mtu mpya aliigharimu kampuni safari, matibabu na muda wa kumfundisha kazi. Ndiyo maana karibu na mwaka 1928 wakubwa wakabadili mpango: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na mke wake. Daktari Léopold Mottoulle ni mmoja wa waliosimamia siasa hiyo. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Mtu mwenye mke na watoto hatoroki, anafanya kazi vizuri, na watoto wake ndio wafanyakazi wa kesho.

Maisha ya kambini yalikuwaje? Nyumba ilikuwa ya kampuni, zote za mfano mmoja, mstari baada ya mstari. Chakula kilikuwa posho ya kampuni: unga wa mahindi, nyama au samaki, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese na chumvi. Mke alikuwa na fungu lake, na watoto pia. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akapimwa uzito mbele ya masista, akakua na kusoma katika shule ya misioni iliyolipiwa na kampuni. Juu ya wote alikaa mkubwa wa kambi, mzungu, mwenye polisi wake. Ni yeye aliyesikiliza magomvi, na hata mgeni wa kulala usiku mmoja alipaswa kujulikana kwake. Kambi ilikuwa kama baba mkali: mkono mmoja unakupa bukari, mkono mwingine unashika fimbo.

Lakini watu hawakuishi kwa posho tu. Jioni wanawake walitengeneza munkoyo na pombe, siku za mapumziko vijana walicheza mpira, na vikundi vya mbeni vilipiga ngoma vikiwa vimejipanga kama jeshi, na vyeo vyao kabisa. Watu waliotoka upande mmoja walikuwa na vyama vya kusaidiana: mgonjwa akitembelewa, maiti akizikwa kwa heshima, mjane akipata cha kula. Ndoa za makabila mbalimbali zikaanza. Muluba wa Kasai, Mubemba, Munyarwanda na Musanga walipokutana kwenye bomba la maji, walizungumza lugha gani? Kiswahili. Si kwamba kilikuwa lugha ya mama ya mmoja wao. Kilikua humo kambini, kazini na shuleni, kwa sababu watu wa kila upande walihitaji kusikilizana. Kiswahili chetu cha Katanga, hiki tunachokitumia kwenye redio, ni mtoto wa kambi.

Kisha bei ikaanguka. Mwezi wa Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilibomoka. Viwanda vya Marekani na Ulaya vikapunguza kazi, na waliokuwa wakinunua shaba kwa nyaya za umeme na magari wakaacha kununua. Mwaka 1929 ratili moja ya shaba iliuzwa karibu senti 18 za dola. Mwaka 1932 ilikuwa chini ya senti 6. Union Minière, iliyotoa karibu tani 139,000 za shaba mwaka 1930, ilitoa karibu tani 54,000 tu mwaka 1932. Kati ya miaka hiyo miwili kampuni iliondoa zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake weusi. Hata wazungu wengi walirudishwa Ulaya.

Hapo ndipo watu walipoona ubaya wa kupewa kila kitu na mtu mmoja. Aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Akapoteza posho yake, posho ya mkewe na ya watoto, hospitali na shule. Hakukuwa na msaada wowote kwa asiye na kazi. Serikali ya kikoloni haikutaka kuona mtu mweusi mjini bila mkataba, basi jibu lilikuwa treni. Watu wa Kasai walirudishwa kwa reli iliyokuwa imefika Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, mwaka 1928. Wanyarwanda na Warundi walikuwa na safari ndefu zaidi: reli hadi Bukama, mashua kwenye mto Lualaba hadi Kabalo, reli tena hadi Albertville, yaani Kalemie, na mwisho meli ya ziwa Tanganyika.

Tufikiri kidogo. Mtoto aliyezaliwa Panda mwaka 1928, akajifunza kusema kwa Kiswahili cha kambi, anapandishwa treni mwaka 1931 na kuambiwa: unarudi kwenu. Kwenu wapi? Hajawahi kukuona huko. Karatasi ya kazi ya baba yake ndiyo iliyoamua kwamba mahali alipozaliwa si pake.

Wengine hawakukubali kuondoka. Walijishikiza kwenye vijiji vya pembeni, wakalima, wakaleta chakula kuuza mjini. Mwaka 1931 serikali ilitoa sheria ya kuunda miji ya watu weusi nje ya kambi na nje ya mamlaka ya machifu. Maana yake ni kwamba hata Wabeleji walikuwa wameona: kuna watu ambao mji ndio kwao.

Jambo hili halikuwa la Katanga peke yake. Wakati uleule, katika milima ya Appalachia huko Marekani, wachimba makaa ya mawe wa Kentucky na West Virginia waliishi katika vijiji vya kampuni, na wengi walilipwa kwa vipande vya chuma au karatasi ambavyo vilikubaliwa tu katika duka la kampuni. Kazi ikiisha, vyombo vya familia viliwekwa barabarani. Mwaka 1931, katika wilaya ya Harlan, wachimbaji waliokatwa mishahara waligoma na damu ikamwagika. Milima mingine, rangi nyingine ya ngozi, lakini ufunguo wa nyumba ulikuwa mfukoni mwa mkubwa yuleyule, yaani kampuni.

Shaba ilipopanda bei tena, Union Minière iliwaita watu upya. Mwaka 1937 ilitoa shaba nyingi kuliko mwaka 1930. Lakini waliorudi kazini hawakuwa wamesahau. Mwezi wa Desemba 1941, wakati wa vita, maisha yakiwa ghali na mishahara midogo, wafanyakazi wa Jadotville na Elisabethville waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akauawa.

Wengi wetu tunajua kilichofuata miaka 50 baadaye. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanza kuanguka. Kazi zilipungua, na siasa ikatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1992 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walitupwa nje ya nyumba zao hapa Likasi. Maelfu kwa maelfu walilala kwenye gare na katika shule, wakingoja treni, na wengi walikufa wakingoja. Wengi wao walikuwa wajukuu wa wale walioletwa kwa mkataba wa miaka mitatu. Miaka ya 1930 ni kampuni iliyosema «rudi kwenu». Mwaka 1992 ni jirani aliyemwambia jirani yake, tena kwa Kiswahili kilekile walichojifunza pamoja kwenye bomba la maji.

Hilo ndilo tunalojifunza. Njaa ya mwaka 1931 haikuletwa na Muluba wala Munyarwanda. Ililetwa na bei iliyopangwa mbali sana na Panda. Kiwanda kikisimama, ni rahisi kumhesabu aliyekuja jana na kumwonyesha njia ya gare, lakini kumwondoa yeye hakukuwasha tanuru hata moja.

Wazee waliozaliwa kambini wakati ule wamebaki wachache. Familia nyingi bado zina kitambulisho cha zamani cha babu au picha moja iliyofifia. Muulizeni bibi: walifika kwa treni gani, kambi gani, nyumba namba ngapi, na jirani wa mlango wa pili alikuwa nani. Andikeni majibu kwenye daftari la mtoto wa shule, muyaweke vizuri. Na mkilileta hilo daftari kwetu, tutalisoma hewani, liwe la Musanga, la Muluba, au la mtu aliyefika wiki iliyopita kutoka Mitwaba.