Chai ya Rungwe na Mufindi: inavyotuliza seli, na inavyomnyima mtoto damu (Sehemu ya 4)

Wengi mmeniuliza: "Nesi, ni kweli chai inaondoa uvimbe mwilini?" Tuanze na historia.

Chai siyo ya asili kwetu. Wajerumani waliileta Amani, Tanga, mwaka 1902, halafu Rungwe mwaka 1904. Kilimo cha biashara kilianza 1926, enzi za Mwingereza, na mashamba yakatanda Rungwe na Mufindi. Zao la kuuza nje likaishia kuwa kifungua kinywa chetu, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga.

Miaka kumi baadaye, 1936, huko Hungaria, Albert Szent-Györgyi na wenzake walitangaza kitu kwenye malimao na pilipili kinachoimarisha mishipa midogo ya damu. Wakakiita vitamini P. Baadaye ikaonekana siyo vitamini, jina likaachwa. Leo tunaziita flavonoidi. Zimo kwenye chai, na hata kwenye vitunguu vya Ruaha Mbuyuni.

Zinafanyaje kazi? Ndani ya seli kuna protini iitwayo NF-κB, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1986. Kwa kawaida imefungwa na protini nyingine, imetulia. Vijidudu wakiingia au seli ikiumia, inafunguliwa, inaingia kwenye kiini cha seli na kuamsha jeni za kutengeneza kemikali za inflamesheni. Hapo ndipo sehemu inakuwa nyekundu, ya moto, inavimba na kuuma. Maabara zimeonyesha flavonoidi zinapunguza huko kufunguliwa.

Lakini mama, hiyo ni maabara. Ukinywa kikombe, kinachofika kwenye damu ni kidogo. Chai ni kinywaji, siyo dawa.

Na kuna upande wa pili. Flavonoidi hizo hizo na ndugu zake hushika madini chuma ya maharage na mboga za majani humo humo tumboni, yasiingie kwenye damu. Mtoto anayeshushia ugali na maharage kwa chai kila siku anaweza kupungukiwa damu huku sahani yake imejaa. Mjamzito pia.

Kwa hiyo:
👉 Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Hakuna chai, hata ya rangi.
👉 Mtoto mdogo usimzoeshe chai. Mpe maji, au uji wa lishe.
👉 Wewe mjamzito, kunywa chai angalau saa moja kabla au baada ya kula, na usiitumie kumezea vidonge vya kuongeza damu.
👉 Maharage na mboga vile na chungwa au kamulia limao, chuma kitaingia vizuri.

Mtoto akiwa na homa kali, hanyonyi, amelegea au amepata degedege, usikae unachemsha majani. Mkimbize kituo cha afya muda huo huo.

Swali lako liache hapo chini, na mtumie mama mwenzio.