Afya ya Msingi, Kutoka Mbarara Hadi Nakivale

Mnamo mwezi Septemba 1978 wajumbe wa serikali 134 walikutana mjini Alma-Ata, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, wakatangaza kwamba afya ya binadamu haina budi kuanzia pale anapoishi: kwa maji safi, choo, chakula cha kutosha, chanjo, mkunga aliyefundishwa na dawa chache za lazima. Lengo lilikuwa afya kwa wote ifikapo mwaka 2000.

Mwezi uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Ilipofika Februari 1979 vita vilikwisha rudi Uganda. Mbarara ikatwaliwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda, na sehemu kubwa ya mji ikabomolewa. Madaktari wengi walikwisha ihama nchi katika miaka ya Amin, na dawa zilikuwa adimu. Azimio la Alma-Ata, basi, liliikuta Uganda haina hata cha kuanzia.

Kando ya ziwa Nakivale, kusini-mashariki ya Mbarara, waliishi watu walioguswa zaidi na jambo hili. Makao ya Nakivale yalianzishwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Watoto waliozaliwa hapo walikua na kupata watoto wao.

Kisha ikaja Oktoba 1982. Familia za Wanyarwanda wa Ankole, wakimbizi na raia pamoja, zilifukuzwa majumbani mwao na vijana wa chama kilichotawala wakishirikiana na Kikosi Maalumu cha polisi. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda, na wengine wakasongamana katika makao kama Nakivale. Askari aliyewahi kuishi kambini anajua maana yake. Watu wakiongezeka ghafla, na maji na vyoo vikabaki vile vile, kuhara na surua huwawahi watoto kabla ya mganga. Kosa la namna hiyo si la wauguzi. Wanaofukuza watu ndio wanaowaletea wauguzi wagonjwa.

Mpango wa taifa wa chanjo ulianzishwa mwaka 1983, hali vita vya msituni vikiendelea. Chanjo huharibika ikikosa baridi. Pasipo umeme kituo huhitaji friji la mafuta ya taa, na gari la kuyaleta mafuta hayo, na barabara iliyo wazi. Gari likizuiwa kizuizini mchana kutwa juani, chanjo inayofika huenda isimkinge mtoto yeyote. Mwishoni mwa 1985, NRA ilipokuwa imeshika magharibi, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto lilikubaliana na pande zilizopigana ili chanjo ipite. Waliopigana walikuwa na watoto pia.

Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilifunguliwa Mbarara, na wanafunzi wake wa udaktari wakapelekwa vijijini kujifunza huko. Mwaka 2001 ada iliondolewa katika vituo vya serikali. Wagonjwa wakaongezeka mno, ila mara nyingi dawa zilikwisha kabla ya foleni. Katika miaka hiyo hiyo zilianza timu za afya za vijiji, yaani wanakijiji wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba.

Tangu 2005 Nakivale imo katika Wilaya ya Isingiro. Wakazi wake sasa wanazidi 100,000, wengi wao kutoka Kongo, wengine Burundi, Somalia na Rwanda. Vituo vya afya vya makao hayo huwatibu pia wananchi wa vijiji jirani, na katika foleni Kiswahili cha Mkongo na cha Mganda husaidiana. Mama ambaye uzazi wake umekuwa mgumu hupelekwa hospitali ya Mbarara, awe mkimbizi au raia, kwa barabara ile ile ya vumbi.