Uhakiki wa TASAF ukiwa na mtoto mwenye ulemavu

Mama, TASAF ilipoingia kipindi cha pili cha awamu ya tatu mwaka 2020, kaya zilizokuwa zikipokea ruzuku zilihakikiwa upya. Uhakiki ukifika tena kijijini kwako hapa Kishapu, usimfiche mtoto ndani. Asiyeandikwa hahesabiwi.

- Weka tayari cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya daktari.
- Usitaje jina la ugonjwa tu. Eleza asichoweza kufanya mwenyewe: kula, kuoga, kutembea, kwenda chooni. Usipunguze kwa aibu.
- Jina likikosekana, mwone mtendaji wa kijiji mapema, kisha Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri.

Ukisubiri majibu, usikatishe dawa wala mazoezi ya mtoto.