Kimataifa

Kimataifa ni neno la kueleza jambo linalohusu nchi zaidi ya moja. Shina lake ni taifa, nomino yenye asili ya Kiarabu, ambako huwa na maana ya kundi la watu au madhehebu. Kiswahili kiliipanua hadi ikawa nchi yenye watu na serikali yake. Ukilitazama kwa karibu, kitaifa huishia ndani ya nchi, lakini likitiwa ma- ya wingi limeshavuka mpaka. Maana yote imebebwa na silabi hiyo moja, na matumizi ya leo yanaisahau. Mabango ya shule na hoteli yameligeuza neno kuwa sifa ya ubora, hata pale ambapo mwenye mali, wateja na sheria zinazowaongoza ni wa nchi moja. Wakati huohuo, gunia la vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, hupita Namanga kwenda Nairobi, likakaguliwa na maofisa wa nchi mbili, na watu wakaiita biashara ya mpakani tu. Huo ni upungufu, kwa kuwa mchuuzi mwenye gunia hilo anafanya biashara ya kimataifa kwa kila kipimo cha sheria.

Huenda mtu akapinga kwamba ki- ni kiambishi cha namna, kama katika kishujaa, hivyo kimataifa ni "kwa namna ya mataifa", na ubora umo humo. Hoja hii ina uzito wa kisarufi, ila namna huwa na wenyewe: apiganaye kishujaa hupimwa kwa mashujaa, na kiwango huwa cha kimataifa pale mataifa yalipokaa yakakikubali. Wengine watasema wasemaji ndio wenye lugha. Ni kweli, na wasemaji haohao wakitaja Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, hakuna anayeelewa "mahakama nzuri". Wote huelewa mahali pa kuamua kesi baina ya nchi. Viwanja vya ndege vinaonyesha jambo hili wazi zaidi. Kwa taratibu zilizotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, uwanja ni wa kimataifa serikali ikiuteua kuwa mlango wa kuingilia na kutokea nchini, wenye forodha, uhamiaji na ukaguzi wa afya. Uwanja mdogo wenye huduma hizo unastahili jina hilo, na jumba la vioo lisilo nazo halistahili.