Umri wa Tai za Mitumba: Tunduma na Njia ya Kusini

Tai ya zamani inayookotwa kwenye fungu la mitumba Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ina tarehe tatu: siku iliposhonwa, siku mwenyewe wa kwanza alipoachana nayo, na siku ilipoingia nchini ndani ya robota. Tarehe ya kwanza husomeka kwenye tai yenyewe. Ya pili hukisiwa. Ya tatu haimo kwenye kitambaa hata kidogo. Hutafutwa katika historia ya biashara ya mpakani.

Tarehe hizo zikichanganywa, huzuka dhana kwamba tai pana za polyesta, zenye maua makubwa na rangi za kahawia na chungwa, ni masalia ya enzi za ujenzi wa reli ya TAZARA. Dhana hiyo ina mvuto wake. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Tunduma, na miaka hiyohiyo ndiyo tai za aina hiyo zilipotamba Uingereza na Marekani. Lakini kulingana kwa miaka hakutoshi. Wafanyakazi wa Kichina walioshiriki ujenzi huo walivaa sare za kazi za kijivu na buluu, si tai. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kuzoeleka katika suti isiyo na kola ya kufungia tai, na ng'ambo ya mpaka Rais Kaunda alivaa suti iliyochukua jina lake na kuenea maofisini pande zote mbili. Tai ilikuwapo shuleni, kanisani na harusini, ila haikuwa vazi la fahari la enzi hiyo, na nguo za kigeni dukani zilikuwa haba. Tai nyingi za miaka ya 1970 zinazoonekana sokoni leo zilikuwa bado Ulaya na Amerika wakati treni ya kwanza inapita.

Hata hivyo tai ilifika Songwe, mkoa ulimo Tunduma, zamani zaidi ya reli. Misheni ya Wamoravian ilikuwa Mbozi tangu mwishoni mwa karne ya 19, lakini njia kubwa zaidi ilikuwa ile ya vibarua. Wanyamwanga, Wanyiha na majirani zao walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na wengine hadi Afrika Kusini. Chanzo bora cha habari za mavazi ya watu hao kimekaa bila kusomwa sana upande wa Tanzania: insha ya mwanaanthropolojia Godfrey Wilson kuhusu mji wa migodi wa Broken Hill, ambao sasa ni Kabwe, iliyotolewa kwa sehemu mbili mwaka 1941 na 1942 na Taasisi ya Rhodes-Livingstone. Wilson hakuwa mgeni wa ukanda huu. Kabla ya hapo yeye na mkewe Monica walikaa miaka kadhaa kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Alikuta kwamba wafanyakazi wa Broken Hill walitumia zaidi ya nusu ya ujira wao wa fedha kwa nguo.

Wazungu wengi wa wakati huo waliita jambo hilo ubadhirifu au kuiga. Dai la kuiga halistahili muda mrefu, kwa maana halielezi kwa nini mtu ajinyime chakula kwa ajili ya kuiga. Wilson aliona mbali zaidi: mtu aliyezuiwa kujenga nyumba yake au kufuga ng'ombe mjini aliweka akiba yake kwenye nguo, akazituma kwa jamaa kijijini zikalipa deni la undugu. Mwaka 1971 mwanazuoni Bernard Magubane alipinga vikali kundi zima la watafiti wa aina ya Wilson, akisema walihesabu mashati na viatu huku wakiufumbia macho utawala wa kikoloni uliozipa nguo hizo maana yake. Hoja ya Magubane ni nzito na ni ya haki. Kasoro yake ni moja: katika kuonyesha minyororo, inamwacha mvaaji bila uamuzi wowote. Kibarua aliyerudi Mbozi na tai sandukuni alijua alichokinunua na alijua kingesema nini mbele ya wakwe. Tai za aina hiyo, zilizokaa nyumbani na kurithiwa, ni kundi tofauti kabisa na za robota, hata zikifanana uzi kwa uzi.

Robota lenyewe lilipata nafasi baada ya serikali kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Mwinyi. Ng'ambo ya mpaka, Frederick Chiluba alipomshinda Kaunda mwaka 1991, suti na tai vilirudi kuwa vazi la wakubwa, na salaula, yaani mitumba ya Zambia, ikafurika masokoni. Sehemu yake ilishushwa Dar es Salaam na kupita Tunduma barabarani. Mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 2016 wa kuimaliza mitumba ifikapo 2019 ulikwama kwa Tanzania baada ya Marekani kutishia kuondoa upendeleo wa kibiashara wa AGOA.

Tarehe ya kushonwa huanza kusomwa kwenye upana. Za mwishoni mwa miaka ya 1940 ni pana, sentimita 10 na zaidi, tena fupi, kwa kuwa suruali zilivaliwa juu kiunoni. Za miaka ya 1960 huweza kushuka chini ya sentimita 6. Za miaka ya 1970 hupanuka hadi 10 au 12. Baada ya 1980 hurudi karibu na 8, kisha za miaka ya 1990 hukaribia tena 10. Hapo ndipo wengi hukosea: tai pana ya 1948 na ya 1974 hutenganishwa na kitambaa. Polyesta ilivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na kuuzwa kwa wingi miaka ya 1950, hivyo tai ya polyesta haiwezi kuwa ya miaka ya 1940. Uzi mmoja uliochomolewa ndani ya mshono hutosha kwa jaribio la moto: hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika, rayoni hunuka karatasi, polyesta huyeyuka ikaacha punje ngumu.

Lebo husema zaidi. Tangu tarehe 3 Machi 1960 sheria ya Marekani ilidai aina ya nyuzi itajwe, kwa hiyo tai ya Kimarekani yenye asilimia za nyuzi kwa kawaida ni ya baada ya hapo. Alama ya Woolmark ilianza 1964. Lebo inayotaja Ujerumani Magharibi haipiti 1990, wala ya Chekoslovakia haipiti mwisho wa 1992. Namba ya RN ya Marekani huhitaji tahadhari: humtambulisha mtengenezaji aliyesajiliwa, si mwaka wa kushonwa, na mtengenezaji hutumia namba ileile kwa miongo mingi.

Tai iliyokatwa mshazari kwa vipande vitatu, kwa mtindo aliouvumbua Jesse Langsdorf wa New York katika miaka ya 1920, ikishikwa ncha nyembamba huning'inia bila kujipinda. Ikijipinda, ilikatwa vibaya au imefumuliwa na kushonwa upya, na fundi cherehani aliyepunguza upana wake hufanya kipimo cha sentimita kisiwe na thamani. Mshono wa nyuma ukaguliwe kabla ya kupima. Lebo isikatwe hata ikichakaa, na tai ya hariri ihifadhiwe kwa kuviringishwa badala ya kupigwa pasi, maana pasi huharibu umbo la kingo zake. Daftari la mkusanyaji liandike mahali tai ilipopatikana, iwe mnadani Mlowo, kwenye kibanda Tunduma au katika sanduku la familia Vwawa, na mwaka wa kupatikana ukae katika safu yake, mbali na mwaka wa kushonwa.