Kioo cha Kutazamia Chuma

Ukipanda treni unaamini kitu ambacho hujawahi kukiona: kwamba ndani ya reli hamna ufa. Nimejiuliza imani hiyo ilianza lini kupata ushahidi, na jibu likanipeleka Sheffield, Uingereza, mwaka 1863. Hapo Henry Clifton Sorby alisugua chuma hadi kikang'aa, akakipaka asidi, akakitia chini ya hadubini. Wachache walimjali. Baadaye alikumbuka kwamba siku hizo, ajali ya reli ikitokea halafu upendekeze reli ichunguzwe kwa hadubini, ungeonekana kichaa.

Shida ni kwamba chuma si ganda la kitunguu la maabara ya shule. Mwanga haukipenyi, kwa hivyo lazima ukimulike kutoka juu, na ukitaka kukuza sana, taa ipitie lenzi ileile unayotazamia.

Halafu kuna rangi. Kioo hupinda mwanga wa bluu kuliko mwekundu, basi kila rangi hukutana mahali pake, na mipaka ya chembe za chuma inavaa ukungu wa rangi. Lenzi za akromati, zenye aina mbili za kioo, zilikutanisha rangi mbili. Jicho liliridhika, lakini bamba za picha za enzi hizo zilihisi bluu zaidi. Yaani unaona safi, unapiga picha, inatoka na ukungu.

Kule Jena, Ujerumani, Ernst Abbe na Otto Schott walihangaika na jambo hilo pamoja na karakana ya Carl Zeiss. Mwaka 1886 wakatoa apokromati: vioo vipya vya Schott pamoja na floraiti, madini yasiyotawanya rangi sana. Rangi tatu zikakutana.

Lakini hakuna cha bure. Kila uso wa kioo hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Kwenye hadubini ya chuma, mwanga huo unarudi moja kwa moja kwenye jicho na kufifisha picha. Ukiongeza vioo kurekebisha rangi, unaongeza mng'ao. Ahueni ilikuja 1935, Alexander Smakula wa Zeiss alipobuni utando mwembamba wa kuupunguza.

Ndiyo maana siwezi kumsifu Sorby peke yake. Yeye aliona, ila aliyeona bado anahitaji kuaminiwa. Hawa wa lenzi walifanya chuma kipigwe picha safi, wengine nao wakajionea.