Vyama vya Askari wa Zamani: Nani Atabaki?

Wasomaji wetu wanajua vyama vya kila namna: Legio ya Maria, Kizito-Anuarite, mutwalite za watu wa inchi moja, likelemba za wamama wa soko. Vinazaliwa, vinagombana, vinagawanyika, vinaendelea. Lakini kuna namna moja ya vyama inayopunguka kila mwaka bila kelele. Ni vyama vya askari wa zamani, wale ambao kila mtu anawaita kwa Kifransa «anciens combattants». Sisi wa mtoni, hapa Barumbu na katika vijiji vya Tshopo, tumesikia habari zao tangu utoto. Leo padri ao katekista akitafuta mmoja wa vita kubwa ya pili, atapata mjane, ao mtoto, ao medayi iliyofungwa ndani ya kitambaa. Mzee mwenyewe hayupo tena.

Tuseme kwanza chama cha namna hii kilikuwa na kazi gani, maana vijana wanazani kilikuwa cha kuvaa medayi siku ya sikukuu tu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzika. Askari aliyetumikia miaka saba, mbali na baba na mama, mara nyingi hakurudi kwao. Alibaki karibu na kambi, akaoa huko, akazeeka huko. Siku ya kufa, nani atakuja katika matanga? Ndugu wa ukoo wako mbali. Basi wenzake wa batayoni ndio ndugu. Kazi ya pili ilikuwa karatasi: kuandika barua kwa serikali juu ya pansiyo, kumsaidia mjane asiyejua kusoma, kutunza kitabu cha majina. Kazi ya tatu ilikuwa kuketi pamoja. Tusidanganyane, pombe haikukosa, na mapadri wa zamani walilalamika juu yake zaidi ya mara moja. Lakini mtu aliyeona wenzake wakifa Tabora ao Saio, atasema habari hizo na nani, kama si na mtu aliyekuwa pale?

Force Publique ilianzishwa na Leopold II alipoitawala Kongo kama mali yake. Katika vita ya 1914-1918 askari wake walipigana na Wajerumani upande wa mashariki, chini ya Jenerali Tombeur, na tarehe 19 ya mwezi wa tisa 1916 waliingia Tabora. Wabelgiji walitukuza sana ushindi huo. Walisema machache juu ya wapagazi, ambao hesabu inayotajwa kwa vita yote ni karibu 260,000. Wapagazi hao walikufa kwa njaa, kwa kuhara, kwa baridi ya milimani, kuliko kwa risasi. Chama cha wapagazi hatukusikia popote. Wengi wao hawakuwa na namba wala karatasi, na pasipo karatasi hakuna chama. Jambo hili la karatasi tutalikuta tena.

Baada ya vita ile watu waliona kitu kipya: ngoma ya beni, ambayo huku Kongo iliitwa mbeni. Ilitoka pwani, Lamu na Mombasa, ikaenea Tanganyika katika makundi ya Marini na Arinoti, na askari na wapagazi waliitembeza pote vita ilipopita. Iliingia hata Katanga. Wachezaji walivaa kama askari, walikuwa na mfalme, majenerali, madaktari, walipiga kwata. Wamisionari wengi waliichukia, wakaona ndani yake uzinzi na uasi. Hatutaki kusema kwamba walikosa katika kila neno. Lakini hawakutazama sana kitabu cha hesabu cha mbeni. Humo kulikuwa feza za wagonjwa na feza za mazishi. Chini ya kofia za karatasi kulikuwa chama cha kusaidiana, na askari wa zamani walikuwa kati ya waalimu wake.

Tunataka kukaa kidogo juu ya chama kingine, ambacho waseminari wetu wanapaswa kukijua. Paul Panda Farnana alizaliwa 1888 karibu na Banana, mlangoni mwa mto wetu. Alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto, akasoma kilimo, akarudi kufanya kazi katika bustani ya Eala. (Kilimo cha aina hiyo kinajulikana hapa pia: INEAC, iliyoanzishwa 1933, ilikuwa na vituo vyake Yangambi na Barumbu.) Vita ilipoanza 1914 alikuwa Ubelgiji. Akajiandikisha pamoja na Wakongomani wengine wachache, akapigana Namur, akakamatwa, akawa mfungwa wa Wajerumani mpaka mwisho wa vita. Mwenzake mmoja katika ufungwa alikuwa Albert Kudjabo, mtu wa Kilo. Katika 1917 wataalamu wa Ujerumani walimwomba aimbe na kupiga mluzi mbele ya mashine ya sauti, na sauti yake ingali imetunzwa Berlin.

Walipofunguliwa, waliona kwamba Mbelgiji aliyepigana anaitwa shujaa, na Mkongomani aliyepigana kando yake anaulizwa atarudi kwao lini. Basi, katika mwezi wa nane 1919, Panda alianzisha huko Brussels chama kilichoitwa Union Congolaise. Kilikuwa chama cha msaada: kwa wagonjwa, kwa wasio na kazi, kwa mazishi, kwa masomo ya jioni. Kilidai pia heshima kwa askari Wakongomani waliokufa. Hapa ndipo magazeti ya wakoloni yalianza kumtukana. Maana chama cha kuzikana hakimsumbui mtu, lakini chama kinachouliza «Tulikufa kwa ajili ya nini?» kinasumbua. Katika 1929 Panda alirudi kwao, akajenga shule na kanisa dogo, akafariki katika mwezi wa tano 1930. Chama chake hakikuendelea na nguvu ile ile. Kilimtegemea mtu mmoja aliyejua kuandika, na mtu huyo alikuwa ameondoka. Tutazame vizuri, kwa sababu ugonjwa huo ulirudi.

Vita ya pili ilipita karibu na milango yetu. Katika 1940 na 1941 askari walipanda mto kwa meli mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo. Toka hapo walikwenda kwa kamio mpaka Aba na Juba, halafu kwa mto Nile. Walipigana na Waitalia katika Etiopia: Asosa na Gambela katika mwezi wa tatu 1941, Saio katika mwezi wa saba. Huko Jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wengine. Kisha wengine walipelekwa Nijeria, Misri na Palestina. Hospitali moja ya Kongo ilifuata majeshi ya Waingereza mpaka Madagascar na Burma. Mtu wa Kinshasa anayekwenda sokoni Gambela, ao anayepita barabara ya Saio ao ya Assossa, anatembea juu ya majina ya vita hiyo. Muulize maana yake, atakuambia ni kituo cha taksi.

Wale waliorudi walikuta miji inajaa vyama. Stanleyville ya miaka ya 1950 ilikuwa na vyama vya waevolue, vya kazi, vya shule, vya makabila. Karani mmoja wa posta, Patrice Lumumba, alikuwa msimamizi wa chama cha wafanyakazi wa posta na wa chama cha waevolue. Askari wa zamani hawakuwa daima wenye raha kati ya watu hao wa kalamu. Wao walisema Lingala, luga ya kambi, na parokia ilifundisha Kiswahili. Wengi hawakusoma. Lakini walikuwa wameona Bahari na Yerusalemu, na hawakukubali kuitwa «boyi». Wakoloni walijua hivyo. Katika mwezi wa pili 1944 batayoni ya Luluabourg ilikuwa imeasi, na tangu siku hiyo askari wa zamani alipewa medayi kwa mkono mmoja na kuchungwa kwa mkono mwingine.

Halafu ikaja 1960. Tarehe 5 ya mwezi wa saba askari wa Thysville waliasi juu ya maofisa wao, na Force Publique ikabadilika kuwa Armée Nationale Congolaise. Victor Lundula, aliyetumikia katika vita ya pili na aliyekuwa meya wa Jadotville, akafanywa jenerali. Hiyo ilikuwa heshima kubwa kwa wazee. Lakini wengine walibaki katikati ya milango miwili: serikali iliyowaandika imeondoka, serikali mpya haikuwaandika. Waliendelea kudai miaka mingi, upande huu na upande ule.

Kwa Kisangani kulikuwa na jambo jingine, nasi tunaona ndilo lililoua vyama kuliko uzee. Tangu mwezi wa nane mpaka mwezi wa kumi na moja 1964 mji ulikuwa mikononi mwa Wasimba. Watu waliotafutwa kwanza ni wale wenye kalamu: makarani, waalimu, wakubwa wa ofisi. Wengi waliuawa. Watu walichoma ao walizika karatasi zao, kwa sababu karatasi yenye muhuri ilitosha kumpeleka mtu kaburini. Na katika 1966 na 1967 askari wakaasi tena humo humo mjini. Sasa, chama cha wazee wasiosoma kinaishi namna gani bila karani na bila kitabu cha majina? Kisha hayo, Mobutu aliweka kila kitu chini ya chama chake. Katika 1972 vyama vya vijana vilifutwa vyote isipokuwa JMPR, na seminari zetu zinakumbuka jambo hilo vizuri. Wakati ule mtu hakuchagua kwa raha nani wa kuketi naye.

Inasimuliwa kwamba katika 1964, huko Mwanza, mtumishi wa serikali ya Ujerumani alikuja kuwalipa wazee waliokuwa askari wa Kijerumani katika vita ya kwanza. Wengi hawakuwa na karatasi. Basi aliwapa ufagio, akawaamrisha kwa Kijerumani kupiga kwata. Wote walikumbuka, wote wakalipwa. Ni hadisi nzuri, lakini wajane hawakufundishwa kwata. Mjane asipokuwa na karatasi, ufagio haumsaidii.

Leo hesabu ni rahisi. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya Saio alizaliwa 1921. Katika mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimpa heshima Albert Kunyuku, kaporali aliyekuwa Burma. Mzee huyu alikuwa na miaka mia moja, na alihesabiwa kuwa wa mwisho aliye hai. Chama cha mtu mmoja si chama.

Si sisi peke yetu. Marekani, kisha vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, askari wa upande wa Kaskazini walijenga chama kikubwa katika 1866, Grand Army of the Republic. Katika 1890 kilikuwa na watu zaidi ya 400,000. Sheria yake haikukubali mtu wa vita nyingine. Basi katika 1956 mtu wa mwisho alikufa, na chama kikafungwa pamoja naye. Uingereza, chama cha askari wa Burma kilifungwa 2020. Jirani zetu walichukua njia nyingine: Tanzania na Kenya, vyama vya askari wa zamani vinapokea hata waliotumikia kisha uhuru, na nyumba zao zimebaki wazi.

Je, sisi tufanye vile? Wengi wanajibu upesi: ndiyo. Sisi tunasita. Kenya na Tanzania, askari aliyestaafu anatoka katika jeshi moja. Huku kwetu, katika 2004, Kisangani palikuwa mahali ambapo Wabelgiji walifundisha brigadi ya kwanza ya watu waliokuwa wamepigana wao kwa wao. Na mji huo ulikuwa umepigwa mabomu katika mwezi wa sita 2000, siku sita, Warwanda na Waganda wakigombania mji usio wao. Raia walikufa kwa mamia. Wanaokutana leo Kisangani kwa sababu ya vita, wengi ni wale waliopigwa bila kubeba bunduki. Ukiwaita katika meza moja na aliyekuwa kiongozi wa kundi lenye silaha, utaita hiyo undugu? Labda siku moja, kisha maungamo na malipo. Chama peke yake hakiwezi kuyafanya hayo.

Kuna pia watoto na wajukuu wanaotaka kuendesha vyama kwa jina la baba. Wengine wanafanya hivyo kwa mapendo. Wengine, tuseme wazi, wanatazama feza ambazo huenda zitatoka Ulaya. Hata hivyo tunawapendelea hao kuliko mlango uliofungwa, kwa sharti moja: waanze na kitabu cha majina, si na kuomba feza.

Na hapa makatekista wanaweza kutenda kazi kuliko wanavyozani. Vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia za zamani vinaonyesha mara nyingi kazi ya mtu. Neno moja, «askari», lililoandikwa kando ya jina, pamoja na mwaka na jina la mke, linaweza kuwa alama ya mwisho iliyobaki baada ya 1964. Vitabu vingine viliungua, vingine vinaliwa na mchwa katika sakristia. Mseminari aliye katika likizo anaweza kukaa siku tatu na daftari, kunakili majina hayo, na kupita kwa wajane waliobaki kuuliza namba ya batayoni. Afanye hivyo mbele ya mvua za mwezi wa tisa, maana sakristia nyingi za mtoni zinavuja.